Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Wahenga waliosema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka hawakuwa wakiidharau fimbo. Walijua kuwa fimbo ni kitu chema, na kuwa aliyeikata mwituni na kuichonga alifanya kazi ya haki. Walichotaka kutukumbusha ni kwamba wema wa fimbo na jasho la mchongaji havimfai kitu mtu aliyesimama mbele ya nyoka, ikiwa mkono wake hauifikii. Nataka, ewe msomaji, tuichukue methali hiyo tuitumie kupima jambo moja kubwa la zama zetu, nalo ni kazi ya wataalamu wanaotafuta dawa ya saratani. Swali letu ni hili: Je, dawa isiyomfikia mgonjwa yastahili kuitwa dawa? Na ikiwa haistahili, ni juu ya nani kuifikisha?

Usidhani kwamba swali hili ni la madaktari peke yao. Baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mtakuwa watunzi wa dawa. Wengine mtakuwa wachukuzi wake, wauzaji wake, au watunga sheria za kodi na bei. Na sisi sote, tukijaliwa umri, tutakuwa wagonjwa au jamaa wa wagonjwa. Hapana mtu aliye nje ya swali hili.

Yafaa kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli nyingi mno, na kila seli ina wakati wa kugawanyika na wakati wa kukoma. Saratani huanza pale seli zinapoacha kuutii utaratibu huo. Zikazaana bila kiasi, zikafanya uvimbe, na hatimaye zikasambaa mahali pasipo pao. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika mwaka 2020 watu wapatao 42,000 waligunduliwa kuwa na saratani nchini Kenya, na watu wapatao 27,000 walikufa kwayo. Hesabu hizi mbili si za watu wale wale wote; walakini ukiziweka sambamba utaona kwamba katika nchi yetu kuambiwa una ugonjwa huu bado kumekaribiana mno na kuuawa nao.

Dawa za saratani zilizozoeleka ni sumu zinazoua seli zinazogawanyika upesi. Lakini seli za saratani si peke yake zinazogawanyika upesi. Mizizi ya nywele, utando wa ndani wa matumbo, na uboto wa mifupa unaotengeneza damu, vyote hufanya hivyo. Ndiyo sababu mgonjwa anayepewa dawa hizo hunyonyoka nywele, hutapika, na damu yake hupungua. Dawa iitwayo doxorubicin, iliyo kali sana kwa saratani za namna nyingi, huweza pia kuudhuru moyo. Daktari wa saratani hufanana na mkulima ambaye magugu yameota katikati ya mahindi yake, naye hana jembe ila maji yanayokausha kila jani. Akinyunyiza kidogo, magugu yatabaki. Akinyunyiza sana, mahindi yatakufa.

Taabu ya mkulima huyo ndiyo iliyowafanya wataalamu waulize: Je, haiwezekani kuifunga sumu hiyo katika kifurushi, kifurushi kikapita mwilini bila kumdhuru mtu, kikafunguka penye uvimbe tu? Kifurushi hicho lazima kiwe kidogo mno. Chukua milimita moja uigawanye katika sehemu milioni moja. Sehemu moja ndiyo nanomita. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe za dawa tunazozisema aghalabu huwa na upana wa nanomita 100 hivi, basi ukizipanga 800 kwa mstari ndipo zitatosha unene wa unywele. Tumezoea kusema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa chembe hizi hata tone moja la damu ni bahari pana, na chembe nyekundu ya damu ni jahazi kubwa linalopita.

Njia ya kufikia huko ilikuwa ndefu. Katika miaka ya 1960, Alec Bangham na wenzake karibu na Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba mafuta ya namna fulani yakitiwa majini hujikunja yenyewe yakawa vipovu vilivyofungika, vyenye maji ndani. Vipovu hivyo huitwa liposomu. Mwaka 1986, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani walieleza kwamba mishipa ya damu iliyo ndani ya uvimbe hujengwa kwa haraka na kwa hiyo huvuja. Vitu vikubwa kidogo ambavyo haviwezi kutoka katika mishipa mizima huponyoka humo na kukaa penye uvimbe. Mwaka 1995, Marekani iliidhinisha dawa ya Doxil, yaani doxorubicin iliyofungwa katika liposomu, kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI waliopatwa na saratani iitwayo Kaposi, ugonjwa ambao Afrika Mashariki inaujua vizuri kwa huzuni. Dawa hiyo iliupunguzia moyo madhara, ijapokuwa ilikuja na maudhi yake katika viganja na nyayo. Kutoka vipovu vya Bangham hadi sindano hiyo ilipita miaka ipatayo 30. Mtu aliyeanza kazi hiyo akiwa kijana aliuona mwisho wake akiwa na mvi.

Jambo lililofuata ndilo ninalotaka ulitazame kwa makini zaidi. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walikusanya taarifa za majaribio yaliyofanywa kwa wanyama katika muda wa miaka kumi. Hawakuuliza ni chembe ngapi zilizotiwa katika mshipa. Waliuliza ni ngapi zilizofika penye uvimbe. Jibu lao lilikuwa kwamba, kwa kipimo cha katikati, zilizofika ni asilimia 0.7. Katika kila chembe elfu moja zilizotumwa, saba ndizo zilizofika. Nyingine zilinaswa na ini na wengu, au zikamezwa na seli za ulinzi wa mwili, au zikapotea njiani.

Mtu asiye na insafu angeweza kuificha hesabu hiyo, kwa kuwa inaaibisha kazi ya miaka mingi. Wao waliichapisha ili kila mtu aisome. Kwa kufanya hivyo walikiri kanuni moja ambayo, kwa maoni yangu, haihusu maabara peke yake: kazi ya mtumaji haipimwi kwa alichotuma, hupimwa kwa kilichofika. Kanuni hii ikikubaliwa ndani ya mwili wa panya, haiwezekani ikataliwe nje ya mwili, yaani katika mitaa wanakokaa watu.

Kabla hatujafika mitaani, nikutajie mtaalamu mmoja wa Afrika Mashariki, usije ukadhani kwamba elimu hii ni ya watu wa mbali tu. Profesa Hulda Swai ni mwanasayansi wa Tanzania. Katika miaka ya 2000, akiwa katika Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda huko Pretoria, Afrika Kusini, aliongoza utafiti wa kufunga dawa katika chembe za nanomita. Baadaye akarudi nyumbani kufundisha na kutafiti katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Kazi yake imetambuliwa na Umoja wa Afrika kwa Tuzo ya Kwame Nkrumah. Ugonjwa aliouanza haukuwa saratani. Ulikuwa kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida hunywa vidonge kila siku kwa muda wa miezi sita. Baada ya miezi miwili huona nafuu, tena vidonge vinamsumbua tumbo, tena kibarua kinamwita. Basi huacha, na ugonjwa hurudi ukiwa umejifunza kuishinda dawa. Swai na wenzake waliuliza: Je, dawa ikifungwa katika chembe za polima zinazoyeyuka polepole mwilini, haiwezekani mgonjwa anywe mara moja kwa wiki badala ya kila siku?

Angalia alipoanzia. Hakuanza na chembe kisha akatafuta kazi ya kuipa. Alianza na mtu anayeshindwa kumaliza dawa, akarudi nyuma hadi kwenye chembe. Mtu wa namna hiyo yuko Kibera na yuko Kawangware. Na huko ndiko tunakokwenda sasa, kwa kuwa safari ya dawa haianzi kwenye ncha ya sindano.

Kibera iko kusini-magharibi ya katikati ya Nairobi. Wenyeji wake wa kwanza walikuwa Wanubi, askari wa jeshi la Kiingereza waliopewa ardhi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, nao waliiita kwa neno la kwao lenye maana ya msitu. Leo msitu umekuwa mabati. Kawangware iko upande wa magharibi, imepakana na Lavington, mtaa wa nyumba kubwa na bustani. Kutoka Laini Saba, iliyo Kibera, mtu huweza kwenda kwa miguu hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kabla ya saa moja kupita. Na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoanzishwa mwaka 1979, iko papo hapo jirani. Kwa kutazama ramani, mtu wa Laini Saba ni mwenye bahati kuliko mtu wa Turkana anayesafiri siku nzima akimtafuta daktari. Fimbo iko karibu naye. Mbona basi nyoka hafi?

Tumfikirie mama mmoja, asiye mtu fulani, bali mfano wa wengi. Anakaa Gatina, katika Kawangware, na kila asubuhi huenda Lavington kutafuta kibarua cha kufua nguo. Siku anayofua hulipwa. Siku asiyofua halipwi. Anagusa uvimbe katika titi lake. Kwa kuwa hauumi, anauacha. Baada ya miezi unauma. Anakwenda duka la dawa ananunua vidonge vya maumivu. Jirani anamwambia ni jipu, mwingine anamwambia amerogwa. Mwishowe anakwenda zahanati, naye anaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko anatakiwa kupigwa picha, kukatwa kinyama kipimwe, kurudi kuchukua majibu, na kurudi tena kumwona daktari. Kila safari ni nauli, na kila siku ya safari ni siku isiyo na ujira, na watoto wake wanakula kwa ujira huo. Anaruka mwezi mmoja, kisha wa pili. Uvimbe hauruki hata siku moja.

Wataalamu wamevihesabu vizuizi vya mwilini: ini, wengu, seli za ulinzi, kuta za mishipa. Sisi tumevihesabu vya mtaani? Kipo kizuizi cha kutojua, na cha hofu. Kipo cha bei, na cha ujira wa siku. Kipo cha foleni. Kwa miaka mingi Kenyatta ilikuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye mashine za kutibu saratani kwa mionzi, hata jirani wa Laini Saba akawa anangoja zamu yake pamoja na wagonjwa wa nchi nzima. Siku hizi viko vituo vingine, kikiwamo cha hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyofunguliwa mwaka 2019, na hilo ni jambo la shukrani. Lakini lau tungefanya kama watu wa Toronto, tukauliza katika kila wagonjwa elfu wa mitaa hii ni wangapi waliofikiwa na dawa ifaayo kwa wakati ufaao, naogopa tungeinamisha vichwa.

Na usidhani kwamba vizuizi hivi humzuia maskini peke yake. Ken Okoth alizaliwa Kibera mwaka 1978. Alisoma Starehe kwa msaada, akaenda Marekani, akasoma na kufundisha huko, kisha akarudi. Na mwaka 2013 watu wa Kibra walimchagua kuwa mbunge wao. Mapema mwaka 2019 alitangaza mbele ya watu wote kwamba ana saratani ya utumbo mpana, nayo imefika hatua ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho. Alitibiwa Paris, mahali penye kila chombo. Alifariki Nairobi tarehe 26 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 41. Mwezi huo huo walikufa kwa saratani Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya Safaricom, na Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Watu hawa hawakukosa fedha wala madaktari. Dawa ilipoufikia ugonjwa, ugonjwa ulikuwa umekwisha kutangulia. Kufika kuna mahali pake, na kuna wakati wake pia. Okoth alilijua hilo, ndiyo maana aliwahimiza wengine wakapimwe mapema. Methali yasema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuficha, akayageuza maradhi yake kuwa mafunzo kwa wengine.

Sasa tuwasikilize wanaopinga. Wa kwanza atasema: "Watu wa Kibera hawana vyoo vya kutosha, wanauziwa maji kwa mtungi, nanyi mwataka kijana wao mwenye akili ajifungie maabara miaka 30 akichezea vipovu vya mafuta! Kwanza maji, kisha nanomita." Neno hili lina nguvu, wala si haki kulicheka. Nchi ikijenga maabara ya fahari na kuiacha zahanati bila muuguzi, imejenga pambo.

Lakini tulipime vizuri. Kwanza, mwanasayansi akitoka maabara hachimbi choo. Deni la maji na vyoo liko juu ya wanaokusanya kodi na kuupanga mji. Wakishindwa kulilipa, hawalipi kwa kuifunga maabara. Pili, saratani haingoji mtaa upate mabomba ndipo iingie. Tatu, tusipouliza maswali yetu wenyewe, hapana atakayetuulizia. Urefu wa tiba ya kifua kikuu haumnyimi usingizi mtu asiye na jirani mwenye kifua kikuu.

Tena historia yetu yashuhudia. Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alimwona mtoto mwenye uvimbe katika taya zote mbili. Kisha akaona watoto wengine wa namna ile ile. Mwaka 1958 aliandika habari zao. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda hadi kusini ya Afrika, wakiuliza katika hospitali moja baada ya nyingine ni wapi uvimbe huo unaonekana na ni wapi hauonekani. Vipande vya uvimbe vilivyotoka Uganda ndivyo vilivyowawezesha Epstein, Achong na Barr kuona, mwaka 1964, kirusi kinachohusiana na saratani ya binadamu. Na dawa walipopewa watoto hao, huko Mulago, na hapa Nairobi mikononi mwa Peter Clifford katika hospitali ambayo sasa ni Kenyatta, uvimbe mkubwa uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa. Hapo elimu ilianzia kwa mtoto wa maskini, ikazunguka dunia, ikarudi kwa mtoto wa maskini. Lau mtu angesema wakati ule, "Ngojeni kwanza Uganda itajirike," dunia nzima ingechelewa.

Mpinzani wa pili anasimama upande mwingine. Yeye husema: "Kazi ya mwanasayansi ni kutafuta ukweli. Akiupata, amemaliza. Kuufikisha ni kazi ya serikali na wafanya biashara." Huyu naye ana sehemu ya haki. Mtu mmoja hawezi kuwa mkemia, na dereva, na muuguzi, na waziri wa fedha. Akijaribu kuwa yote, ataharibu yote.

Hata hivyo yako mambo ya kufika yanayoamuliwa maabara, wala hayawezi kuamuliwa pengine popote. Je, dawa hii itahitaji barafu? Itatiwa mshipani kwa saa nyingi, au itamezwa nyumbani? Itatengenezwa kwa vitu adimu au vya kawaida? Mwaka 2020, chembe ndogo za mafuta, ndugu wa vipovu vya Bangham, zilibeba chanjo za UVIKO-19 na kuokoa watu wengi mno. Walakini chanjo moja ya namna hiyo hapo mwanzo ilitakiwa itunzwe katika baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, na majokofu ya baridi hiyo yalikuwa machache sana katika Afrika. Mtunzi wa dawa anapochagua mafuta ya kifurushi chake, huenda asijue kwamba anachagua pia ni nchi gani itangoja. Yampasa ajue. Mtu wa Kawangware lazima awemo katika hesabu tangu siku ya kwanza, si siku ya kufungua sanduku.

Basi jibu langu kwa swali la nani ni hili: mzigo ni mmoja, wachukuzi ni wengi, na hapana anayelazimika kuubeba safari nzima, lakini hapana aliye na ruhusa ya kuutua kando ya njia na kusema "sehemu yangu nimemaliza" kabla hajaona mkono wa mwenzake umeupokea. Mwanasayansi na aupokeze kwa mtengenezaji, mtengenezaji kwa serikali, serikali kwa zahanati, zahanati kwa mgonjwa. Dhambi kubwa ya mambo haya haiko katika udhaifu wa mchukuzi mmoja. Iko katika nafasi iliyo kati ya wachukuzi, mahali ambapo kila mmoja husema si pake.

Nafasi hiyo huweza kupunguzwa, na mifano ipo. Dawa ya trastuzumab, inayotibu aina moja ya saratani ya matiti, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Nchini Kenya ilikuwako, lakini bei yake ilikuwa ukuta. Mwaka 2025 serikali na kampuni ya Roche walipatana bei ya kila kipimo ishuke kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, na fedha hizo zilipwe na bima ya afya ya jamii. Hakuna mtaalamu aliyeibadili dawa hata kidogo. Kilichobadilika ni mapatano ya watu waliokaa mezani. Mama yetu wa Gatina angefua nguo siku ngapi apate shilingi 120,000? Upatanifu ule uliifanya kazi ambayo chembe yoyote, hata iwe ndogo namna gani, isingeweza kuifanya. Lakini kumbuka pia kwamba kati ya 1998 na 2025 ni miaka 27, na wengi hawakuishi kuiona.

Na sehemu nyingine ya mzigo iko mikononi mwetu sisi raia. Mwezi wa Oktoba 2019 Kenya ilianza kuwapa bure wasichana wa miaka kumi chanjo ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Hapo hakuna bei, wala mashine kubwa. Lakini uvumi ulitangulia chanjo katika nyumba nyingi. Ikasemwa kwamba itawafanya wasichana tasa, jambo lisilo kweli. Katika nyumba kama hizo fimbo haikuwa mbali. Ililetwa mlangoni, na mlango ukafungwa. Anayesambaza uvumi huo bila kuuchunguza ni kizuizi sawa na bei, tena ni kibaya zaidi, kwa kuwa bei haijifanyi kuwa rafiki.

Nawe, msomaji, utafanya nini? Sisemi kwamba wote muwe wakemia. Ikiwa akili yako yakuvuta kwenye kemia, ifuate, uwe tayari kwa miaka mingi isiyo na vigelegele, na kila jioni uulize ni chembe ngapi zilizofika. Ikiwa utakuwa mhasibu, tazama mahali fedha za dawa zinapokwama. Ikiwa utakuwa mwandishi, uandike kwa lugha anayoielewa mama yako. Na hata leo, kabla hujawa chochote, unaweza kumwambia shangazi yako anayeficha uvimbe kwamba hata uvimbe usiouma ni wa kuogopwa, ukamsindikiza hospitali asubuhi, ukakaa naye katika foleni. Hiyo nayo ni kazi ya kufikisha, wala si ndogo kuliko ya maabara. Ni hatua ya mwisho ya safari ile ile, na bila hiyo safari nzima ni bure.

Siku moja utaulizwa ulifanya nini na elimu uliyopewa. Usijibu kwa kuhesabu uliyotuma. Hesabu yaliyofika, na hata yakiwa saba katika elfu, yataje kwa kweli, kisha urudi kazini ili kesho yawe manane.